Tundu ni moja, kable si moja

Siku hizi hapa Lubumbashi mtu akitaka kununua masini (kompyuta ya mkononi) ama telefone, swali la kwanza ni "iko na C?" Anageuza kitu, anaangalia lile tundu dogo la USB-C, la kona za mviringo, akiliona basi roho inatulia na mfuko unafunguka. Sawa, si swali baya, ila mi nasema ni nusu ya swali, juu tundu la C linakuambia paka kitu kimoja, kwamba kichwa cha kable kitaingia, tena kitaingia hata ukikigeuza. Umeme kiasi gani utapita pale, data itakimbia kwa mbio gani, picha itatoka kwenda skrini ya nje ama haitoki, hayo yote tundu limenyamaza. Na mwenye kuamua mara nyingi si masini wala si chaja, ni ile kable ya katikati, ile watu wanaichukua kama nyongeza, muuzaji anaitupa bure juu ya mfuko ukishalipa.

Mi kazi yangu ni video. Ndoa, matanga, sherehe za wanafunzi waliomaliza, kwaya za makanisa. Kamera ikirekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula kama gigabaiti 45 kwa saa moja, sasa weka kamera mbili, anza asubuhi kwenye komine (ofisi ya serikali ya kufungisha ndoa), pita kanisani, maliza usiku kwenye sali ya sherehe (ukumbi), gigabaiti 200 zinafika bila hata kujikaza. Zote lazima zitoke kwenye kadi ziingie kwenye diski ya nje, kisha kopi ya pili kwenye diski nyingine, juu ukipoteza ndoa ya watu hapa kwetu afazali uhame mtaa kabisa. Na kazi hiyo huifanyi kwa saa zako, unaifanya kwa saa za umeme. Mwenye kuishi na delestaji (umeme wa mgao) ananielewa vizuri: umeme umerudi usiku, haujulikani utaondoka saa ngapi, na ukishaondoka unabaki na betri ya masini, na betri haina huruma.

Sasa piga hesabu na mimi. USB 2.0 ilitoka mwaka 2000, mbio yake ni megabiti 480 kwa sekunde. Megabiti, si megabaiti, na hapo ndipo watu wengi wanapotea, juu baiti moja ni biti 8, kwa hiyo 480 gawa kwa 8 unapata megabaiti 60, na hizo 60 ni za kwenye karatasi, kwa ukweli unaona 35 ama 40 hivi kwenye dirisha la kukopi. Chukua kopi ya diski kwa diski: gigabaiti 200 kwa megabaiti 35 ni kama saa moja na nusu. Diski ile ile ya SSD (ile ya chipi, isiyozunguka), masini ile ile, ukiweka kable ya gigabiti 5 unapata kama megabaiti 400 kwa sekunde, na zile 200 zinaisha kwa dakika 8 ama 9. Sijabadilisha masini, sijanunua diski mpya, nimebadilisha kable tu. Saa moja na nusu mahali pa dakika 9, na umeme unahesabiwa! Njo maana nakasirika mtu akiniambia "kable ni kable".

Historia yenyewe nitaipitia mbio mbio, lakini inasaidia kuelewa namna fujo iliingia. USB ya kwanza ilitoka 1996, makampuni saba yalikaa pamoja, ndani yake Intel, Microsoft, IBM, Compaq, na kwa upande wa Intel mmoja wa vichwa vya kazi ile alikuwa Ajay Bhatt, injinia mwenye asili ya India. Kabla ya hapo kila kitu kilikuwa na tundu lake, printa lake, kipanya lake, kibodi lake, na mengine ukichomeka masini ikiwa inawaka ilibidi uizime na kuiwasha upya ndio ione kitu. Wao wakasema tundu moja kwa vitu vyote. Ile ya kwanza ilikuwa na mbio mbili, megabiti 1.5 kwa vitu vya polepole kama kipanya, na 12 kwa vingine. Na lile tatizo dunia nzima inalijua, unachomeka, haiingii, unageuza, haiingii, unageuza tena inaingia, Bhatt mwenyewe alishaelezea: kichwa cha kuingia pande zote kingetaka waya na sakiti mara mbili, na bei ingepanda mara mbili, wakati wao walikuwa wanataka kitu rahisi ambacho kila mtengenezaji atakubali kuweka. Mi namsamehe. Kama ingekuwa ghali pengine leo tungekuwa bado na matundu kumi nyuma ya masini.

Halafu 2000 ikaja 2.0, 2008 ikaja 3.0 ya gigabiti 5, ile ya plastiki ya bluu ndani, ukichungulia unaona pini tano zaidi zimejificha nyuma ya zile nne za zamani. 2013 gigabiti 10. 2014 ndio wakatoa kichwa cha C, chenye nafasi ya pini 24, juu na chini sawasawa, njo maana hakina kichwa chini wala kichwa juu. Na hapa njo pa kushika: C ni umbo. Si mbio. Wale watu walitengeneza umbo likawa kitu kimoja, na mbio ikawa kitu kingine, na umeme kitu cha tatu, na kila mtengenezaji anachagua anachotaka kuweka nyuma ya umbo. Mfano mzuri ni iPhone 15 ya mwaka 2023, ndiyo iPhone ya kwanza yenye C, watu walifurahi sana, lakini ile ya kawaida ndani yake ni megabiti 480, mbio ya mwaka 2000 kabisa, na ile ya Pro ni gigabiti 10. Tundu ukiangalia kwa macho ni lile lile.

Na majina, jamani. Ile 3.0 ya gigabiti 5 baadaye wakaiita 3.1 Gen 1, kisha wakaiita 3.2 Gen 1, kitu ni kile kile, hakuna hata biti moja iliyoongezeka. Ile ya gigabiti 10 ikawa 3.1 Gen 2 kisha 3.2 Gen 2. Ya 20 ikaitwa 3.2 Gen 2x2, hata kuisoma ni kazi. Kwa hiyo mtengenezaji anaandika kwenye boksi "USB 3.2" kwa herufi kubwa, unalipa bei ya kitu kipya, unafika nyumbani unakuta ni gigabiti 5 za 2008. Hajadanganya! Karatasi zinamruhusu. Wenyewe wenye USB waliona aibu, mwaka 2022 wakasema sasa kwenye boksi andikeni mbio yenyewe, USB 5Gbps, 10Gbps, 20Gbps, 40Gbps, na kwenye kable andikeni na wati, 60W ama 240W. Mi ukinishika barabarani ukaniuliza nitakwambia ukiona boksi limeandika 3 nukta kitu bila kusema gigabiti ngapi, rudisha mahali pake.

Kwenye meza za mtaani ni shida zaidi, juu boksi lenyewe mara nyingi hakuna. Mazungumzo yanaenda hivi:

"Mama, hii kable ya C inapitisha data?"
"Papa, hii njo orijinali, batu yote banaipenda."
"Sawa mama, lakini inapitisha data ama inachaji tu?"
"Inachaji muzuri sana!"

Na anasema kweli, inachaji. Kuna kable zimetengenezwa na waya mbili tu ndani, wa umeme na wa kurudi, zile za data hazipo kabisa, ukichomeka telefone kwenye masini telefone inachaji na masini haioni kitu, mtu anaanza kupiga telefone makofi anafikiri tundu limekufa. Kable hiyo si takataka, iwekee kazi yake: ukienda kuchajisha telefone pale kwa watu wenye panneau (paneli za jua) ama jenereta, unachomeka kwenye kitu usichokijua, kable isiyo na waya za data ni ulinzi mzuri, hakuna mtu atasoma picha zako kupitia waya ambao haupo.

Kundi la pili ni kubwa zaidi, kable zenye data lakini ni za 2.0. Karibu kable zote za C kwa C zinazokuja ndani ya boksi la telefone ni hizi. Na usidanganyike na unene wala bei. Apple wanauza kable ya kuchaji ya wati 240, nzuri, ya mita mbili, imefumwa vizuri, na data yake ni 2.0, megabiti 480. Ni kable ya umeme, wenyewe wameandika hivyo, anayenunua ndio hasomi. Namna ya kujua bila vifaa: chungulia ndani ya kichwa cha C, kable ya 2.0 mara nyingi ina mapengo, pini hazikujaa, wakati ya mbio kubwa zimepangwa zimejaa juu na chini. Si hakika asilimia mia. Hakika ni kujaribu. Mimi natembea na SSD ndogo yenye faili moja kubwa, nikifika kwa muuzaji namuomba anipe sekunde kidogo, nachomeka kwenye masini yangu, nakopi, naangalia namba. Ikikaa kwenye 38, 39, asante mama, narudisha. Ikiruka 400 natoa makuta pale pale. Faili liwe moja kubwa lakini, si picha elfu ndogo ndogo, juu vifaili vidogo vinachelewesha kopi hata kama kable ni nzuri.

Urefu nao una sheria zake. Kadri mbio inavyopanda, kable inafupika. Ya 2.0 inaweza kufika mita 4 kwa C, ya gigabiti 5 ni mita 2 hivi, ya gigabiti 10 mita 1, na ya gigabiti 40 isiyo na chipi za kusukuma ndani ni sentimita 80. Kwa hiyo ukiona mtu anauza kable ya mita 3 nyembamba ati ni gigabiti 40 kwa bei ya mkate, mwambie Mungu akubariki na endelea na safari.

Sasa tuje kwenye umeme, hapa ndipo pananipendeza zaidi, na hapa sisi watu wa Katanga tungepaswa kuelewa kuliko wote. USB ya zamani ilikuwa volti 5 na ampere 0.5, ni wati 2.5, kuwasha kipanya na flashi basi. Leo kupitia tundu la C na ile lugha wanaiita USB Power Delivery, PD kwa kifupi, unaweza kufika wati 100, na tangu 2021 wakafungua mpaka 240. Wamefanyaje? Hawakuongeza ampere sana, wameongeza volti. 5, kisha 9, 15, 20, na kwa zile za juu kabisa 28, 36, mpaka 48. Ampere hazizidi 5.

Kwa nini volti? Angalia ule mstari wa umeme unatoka bwawa la Inga mpaka Kolwezi huku kwetu, kilomita kama 1,700, ulimalizika 1982, wanapitisha kwa volti laki tano. Wangepitisha kwa volti ndogo waya ungepasha msitu wote na Kolwezi ingepata mabaki, juu umeme unaopotea njiani kama moto unaenda na ampere mara ampere. Kable ya C ni mstari wa Inga wa mita moja. Wati 60 kwa volti 5 zinataka ampere 12, kable ingeyeyuka mkononi. Wati 60 kwa volti 20 ni ampere 3 tu. Ampere zimepungua mara nne, moto unaopotea kwenye waya umepungua mara 16. Hiyo njo siri yote, hakuna uchawi.

Na usiogope kwamba volti 20 itachoma telefone ya volti 5, juu chaja ya PD haianzi kwa kurusha. Ukichomeka, kwanza tundu liko baridi, hakuna umeme. Kuna pini inaitwa CC, kifaa kinaweka pale rezistansi (kijipande kinachobana umeme) ya kiloom 5.1, chaja ikiiona inajua kuna mtu upande wa pili, inatoa volti 5. Kisha wanaongea: chaja inasema niko na 5, niko na 9, niko na 15, niko na 20, kifaa kinachagua, chaja inapandisha. Kifaa kisichojua kuongea kinabaki kwenye 5 na hakuna aliyeumia. Kable nayo inaongea! Kupita ampere 3, yaani kupita wati 60 kwa volti 20, kable lazima iwe na chipi ndogo kwenye kichwa inayosema "mimi nabeba ampere 5". Chaja isipoisikia hiyo chipi inabaki kwenye 3. Kwa hiyo umenunua chaja ya wati 100 kwa masini ya montaji (kuhariri video), ukachukua kable ya telefone, unapata 60, masini inachaji lakini ukianza kazi nzito betri inashuka polepole huku imechomekwa, na unalaumu chaja.

Hilo la rezistansi ya 5.1 linaeleza kitu kingine watu wengi hapa wanaletewa. Taa ndogo, spika, feni ya kuchaji, mikrofoni za bei ya chini, zina tundu la C, lakini zinachaji kwa kable ya zamani ya A kwa C tu (A ni kile kichwa cha zamani, kipana cha mstatili), ukiweka chaja ya kisasa ya C kwa C hakuna kitu, kimya. Mtu anasema chaja yake ya bei imekufa. Hapana, chaja iko sawa, mtengenezaji wa taa ndio alikwepa kuweka rezistansi mbili ambazo bei yake haifiki hata franka chache, chaja inaangalia pini ya CC haioni mtu, inakataa kutoa. Ile ya zamani ya A inatoa volti 5 muda wote bila kuuliza, njo maana inafanya kazi. Weka kable moja ya A kwa C kwenye begi kwa ajili ya vitu kama hivyo, maisha yaendelee.

Lakini hata hiyo A kwa C ina hadithi. Mwaka 2015 injinia mmoja wa Google, Benson Leung, alianza kununua kable za C kwenye Amazon na kuzipima moja moja kisha anaandika pale chini ya bidhaa kama ni nzuri ama mbaya. Alikuta nyingi, ndani ya kable yenyewe, zimeweka rezistansi ya kiloom 10 mahali pa 56. Unaona ni kitu kidogo, lakini ile 10 inamwambia telefone "vuta ampere 3, tuko salama", wakati upande wa pili ni tundu la zamani la masini la nusu ampere, na tundu ndilo linaungua. Mwanzo wa 2016 akapima kable moja iliyokuwa imeungwa vibaya kabisa, waya wa umeme na wa kurudi vimegeuzwa, ikamuua kompyuta yake aina ya Chromebook Pixel. Tangu hapo Amazon wenyewe walikataza kuuza kable za C zisizofuata sheria. Sisi hatuna mtu wa hivyo kwenye meza zetu, kila mtu anajipimia.

Na acha niseme hili la mukuba, yaani shaba. Sisi tunakaa juu ya mukuba, malori yanapita usiku na mchana kwenda mpakani Kasumbalesa yamebeba mabamba ya mukuba, mji huu ulijengwa juu ya mukuba tangu 1910, kisha tunauziwa kable zenye aluminiamu ndani iliyopakwa mukuba juu kama rangi! Aluminiamu inapitisha umeme vibaya kuliko mukuba wa unene ule ule, waya nao ni mwembamba kama nywele, volti zinashuka njiani, telefone upande wa pili inapokea 4.5 mahali pa 5 na inachaji kama inalia. Kable ya kuchaji ya mita mbili na nusu ya kitandani watu wanaipenda sana, ikiwa ni ya aina hiyo basi unachaji kitanda.

Mambo ya telefone zenye "chaji ya haraka" zao wenyewe nitasema kidogo tu. Oppo wana VOOC, Huawei wana SuperCharge, kila mtu na lugha yake, zikikutana na chaja ya PD zinaweza kushuka kwenye wati za chini ingawa chaja ni kubwa, si ubovu, hawaelewani lugha. Samsung wao wanatumia PD yenye kipande kinaitwa PPS, kinachopandisha volti kidogo kidogo, kwa hiyo ukinunua chaja kwa ajili ya Samsung tafuta neno PPS limeandikwa mgongoni, na ukitaka zile wati 45 chukua na kable ya ampere 5.

Ulaya wameshaingiza sheria mambo haya. Tangu 28 Desemba 2024 telefone, tableti, kamera, spika za mkononi, kaske za masikio na vingine vipya vinavyouzwa kule lazima viwe na C, na kitu kinachochaji zaidi ya wati 15 lazima kijue PD, wengine wakitaka kuongeza lugha yao waongeze lakini PD iwepo. Masini zinafuata kuanzia 28 Aprili 2026. Kwetu hapa hakuna sheria hiyo, ila sisi tunanunua vilivyotumika kule, kwa hiyo sheria yao itatufikia ndani ya makontena baada ya miaka michache, kama vile magari yao yanavyotufikia. Mi naisubiri kwa hamu kwenye upande wa masini, juu leo kila masini ya okazio inakuja na chaja ya pini yake, ikiungua unazunguka mji mzima.

Faida kubwa ya PD kwangu hata hivyo si chaja, ni kukosa umeme. Power bank ya miliampere-saa 20,000, hizo 20,000 zinahesabiwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani, yaani ni wati-saa 74. Masini yenye betri ya wati-saa 50 inajaa mara moja na kidogo kinabaki, ukitoa kinachopotea njiani. Lakini power bank lazima iwe na PD ya kutoka, si ya kuingia tu, na itoe volti 20, wengi wanaandika PD kumbe wanaishia 9 volti wati 18, masini inaikataa. Kuna na kale ka kable kadogo kanaomba volti 12 kutoka kwenye power bank kisha kanaingia kwenye ruta ya intaneti, ni kitu kizuri sana wakati wa delestaji, ila volti 12 si lazima kwenye sheria mpya za PD, baadhi ya power bank hawana, na kable ikiomba 12 ikikosa unaweza kupewa 9, ruta inawaka taa na kuzima na kuwaka. Soma mgongoni mwa power bank kama 12V imeandikwa kwenye mstari wa kutoka, ndipo ununue.

Imebaki Thunderbolt, ile njia nyingine ya data ya mbio kubwa, juu vijana wa montaji ndio wananiuliza sana. Ilianzishwa na Intel wakiwa na Apple, ikatoka 2011 kwenye MacBook Pro kwa gigabiti 10, wakati ule na tundu lingine kabisa. 2015 toleo la tatu likahamia kwenye tundu la C na kufika gigabiti 40, na baadaye Intel wakawapa watu wa USB kazi hiyo, ndiyo ikazaa USB4 ya 2019. Toleo la tano lilitangazwa 2023, gigabiti 80, na 120 upande mmoja ukiwa na skrini nzito. Tofauti yake si mbio peke yake, ni kwamba ndani ya kable inapitisha PCIe, ile barabara ya ndani ya kompyuta yenyewe, unaweza kuweka kadi ya picha (grafiki) nje ya masini. Alama ni mshale wa radi, mara nyingi na namba pembeni, na kable nayo iwe na alama hiyo. Angalia lakini, kuna wengine wanachora radi bila namba kuonyesha tundu linachaji tu.

Je unaihitaji? Kama unafanya ndoa kama mimi, kamera mbili, diski moja ya nje, hapana. Gigabiti 10 zinatosha na zinabaki, juu kadi zenyewe za kamera, zile SD za UHS-I tunazotumia wengi, kwa kisomaji cha kawaida hazizidi megabaiti 100 hivi kwa sekunde, na hapo breki ni kadi, weka kable ya dhahabu haitasaidia. Pesa ya Thunderbolt nunua SSD ya pili. Kama uko na kamera sita na mafaili ya RAW (ghafi, mazito) na unaedit moja kwa moja kutoka kwenye diski, wewe sawa, nunua, tena nunua na kable yake mahali panapokupa risiti.

Mimi nyumbani nimezipaka kable zangu rangi ya kucha kwenye kichwa, nyekundu ni gigabiti 10, ya bluu ni zile za ampere 5 za masini, zisizo na rangi ni za kuchaji telefone. Mtu akija kuazima achukue zisizo na rangi, hata mbili. Za rangi hapana, hata awe shemeji.